Mkono wa Mama Immaculate kwenye Simiti ya Migunga Beach

Mama aliyelala mbele yetu ni Immaculate Anyango Sitati. Wajukuu walimwita Dani. Ninyi mliotoka ziwani asubuhi hii mlimwita Mama Kipimo, na hakuwahi kukasirika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 kwenye Landhies, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mjini Nakuru. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Zablon Owino, aliyefunga na kufungua mabehewa, na Mama Perpetua. Alisema treni ikipita usiku hawakuamka. Waliamka siku ambayo treni haikupita.

Alisoma hapo hapo Nakuru hadi darasa la saba na kufanya mtihani wa CPE mwaka wa 1976. Alipita, lakini karo ikaenda kwa kaka yake. Hakulalamika. Alienda kumsaidia shangazi yake aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga sokoni.

Hapo ndipo alipokutana na Mzee Barnabas, fundi wa mawe aliyekuwa akijenga nyumba za wafanyakazi huko Naivasha. Mzee alikuja kununua samaki, akaanza kulalamika.

"Dada, huyu samaki ni mfupi."

Dani alipanua mkono juu ya samaki, kidole gumba kichwani na kidole cha mwisho mkiani. "Mfupi kuliko nani? Kuliko wewe?"

Na Mzee Barnabas, mnavyomwona, si mrefu. Alilipa, na wiki iliyofuata akarudi. Walifunga ndoa kanisani Naivasha tarehe 6 Agosti 1983, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Kwanza alikata maua ya waridi kwenye shamba la maua. Mwaka wa 1994 alianza kununua samaki Migunga Beach, kwenye Ziwa Naivasha, tilapia na bass, yule wa mdomo mkubwa. Aliwauza hapo ufuoni, wengine akawapeleka Nakuru. Mwaka wa 2001 samaki waliisha na ziwa likafungwa. Dani alirudi kwa waridi. Alikuwa akisema kwamba njaa anaijua, lakini kuona akina mama wamekaa ufuoni na beseni tupu, wakingoja tu kwa mazoea, hiyo ndiyo ilimuumiza.

Ziwa lilipofunguliwa, kamati ya beach ilikubaliana na serikali kwamba samaki mdogo asiuzwe, na muuzaji akishikwa naye, anatoka kwa meza mpaka kamati imrudishe. Wengine hawakurudishwa. Dani alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuunga sheria hiyo. Lakini rula ya kamati ilikuwa ikipotea kila mara. Siku moja aliweka mkono wake juu ya ile rula, akaona gumba na kidole cha mwisho vinaangukia kwenye alama ya sheria. Kuanzia hapo akawa anapima kwa mkono, na beach yote ikamwamini. Mvuvi akiteta aliambiwa, "Peleka kwa Mama Kipimo."

Haikuwa kazi rahisi. Wenye hoteli wanataka samaki wa saizi ya sahani, mmoja kwa mtu mmoja, na huyo mara nyingi ndiye mdogo. Walimbembeleza sana. Aliwajibu, "Nunueni sahani kubwa."

Mwaka wa 2011 Mzee Barnabas aliwajengea akina mama meza za simiti. Alipofika kwa ya mke wake, kabla haijakauka, alimwambia, "Weka mkono hapa."

"Kwa simiti mbichi? Niwashwe?"

"Weka tu, wasiseme nilioa mtoto."

Alicheka akaupanua mkono wote, akaukandamiza. Halafu akaweka beseni lake juu, na alama ile ikasahaulika chini ya samaki.

Miaka ya mwisho mwisho vidole vya Dani vilianza kuuma na kujikunja. Alifikiri ni baridi ya maji. Alivipaka dawa ya kuchua akaendelea kupima.

Oktoba 2022 afisa wa uvuvi alikuja kukagua. Alisimama kwa beseni la Dani.

"Mama, hawa bass ni wadogo."

"Wadogo? Nimewapima mimi mwenyewe." Alipanua mkono juu ya mmoja, na samaki akapita vidole. "Umeona?"

Afisa hakubishana naye. Aliweka rula tu, na samaki hakufika kwenye alama. Nyuma mtu akapiga kelele, "Leo Mama Kipimo ameshikwa!" Watu wakacheka, na waliocheka zaidi ni wale aliowahi kuwarudishia samaki.

Afisa alibeba beseni. Chini yake kulikuwa na ule mkono wa simiti, umejaa magamba. Dani aliuangalia, akaupangusa na leso yake, akaweka mkono wake ndani. Gumba lilikaa mahali pake. Kidole cha mwisho hakikufika. Alikivuta kwa mkono ule mwingine, bado hakikufika. Waliokuwa wakicheka waliacha.

Ndipo Kibii, mvuvi aliyemletea wale samaki, akasema polepole, "Mathe, sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Mkono umepungua. Tangu mwaka jana."

"Na ukaniletea hawa."

"Ningesemaje, mathe? Nikuambie mkono wako umeisha?"

"Ungesema, Kibii. Mimi nilikuambia wavu wako una macho madogo mbele ya bibi yako, na sikuogopa."

Kamati iliketi. Ile meza ndiyo iliyosomesha watoto wake, na siku hiyo ingeweza kupewa mtu mwingine. Mama Jemutai, jirani yake wa meza, alimtetea. "Huyu ni mgonjwa, si mwizi. Tumuache aendelee."

Dani alisimama. "Samaki hajui kama mimi ni mgonjwa. Nilitoa wengine. Na mimi natoka." Alichukua beseni lake tupu akaenda nyumbani.

Krismasi hiyo alichemsha mahindi akauza kando ya barabara. Hakwenda karibu na ziwa. Akipita mvuvi, aliuliza tu kama maji yamepanda.

Januari 2023 kamati ilimrudisha, na waliotumwa kumwita waliongozwa na Kibii. Dani alikubali kwa sharti moja: beseni lisirudi mahali pake pa zamani, juu ya ule mkono. Tangu siku hiyo samaki wa Migunga hupimwa kwa ule mkono wa simiti, wa kila muuzaji, hata wake mwenyewe. Kibii alikuwa akinung'unika kwamba simiti haina huruma. Dani alimjibu, "Na haizeeki."

Mwaka jana ugonjwa wa viungo ulimzidi, halafu moyo ukachoka. Alilazwa hospitalini Nakuru mwezi wa Aprili mwaka huu. Kibii alipokwenda kumwona, Dani hakumuuliza habari za nyumbani. Aliuliza, "Wanafika?"

"Wanafika, mathe. Wasiofika tunawarudisha ziwani."

Alifumba macho akalala vizuri siku hiyo. Alituacha Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, alfajiri, Mzee Barnabas akiwa amemshika ule mkono.

Ameacha mume wake Mzee Barnabas Sitati, watoto wake Peterson, Valarie na Sue, wajukuu sita, dada yake Mama Rispa wa Landhies, Mama Jemutai, ambaye alikuwa zaidi ya jirani, na wavuvi wa Migunga, ambao aliwagombeza kama wanawe.

Jumatano Kibii na wenzake walikuja nyumbani Naivasha na patasi na nyundo. Walitaka kuukata ule mkono kutoka kwa meza, wauweke hapa Subukia, tunapomzika leo, juu ya kaburi, kwa heshima. Mzee Barnabas aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai.

"Muuache pale," alisema. "Kule Subukia hakuna samaki wa kupima."

Dani, lala kwa amani mikononi mwa Mungu. Huko ziwani tutaendelea kupima.