Maharage Miguuni pa Babu

Sogeeni wanangu, sogeeni kabisa, maana sauti yangu hii, iliyokuwa ikitoka kijijini Pito alfajiri na kuwaamsha watu wa Zambia wakavaa suruali, leo haivuki hata chandarua. Silvana, funga huo mlango. Hapana, fungua, uache wazi, nimefungiwa vya kutosha. Na wewe Nyanda, mtani wangu, kaa kwenye hicho kigoda, usinisimamie kama ng'ombe aliyeona bomba la maji. Nimekuita uwe shahidi, kwa sababu hawa nimewazaa mwenyewe, nawajua, kesho watasema mzee Zenon aliweweseka kwa homa. Siweweseki. Kilichogoma ni mwili, kichwa bado kinawasha taa.

Leo mkesha wa Krismasi. Jioni nyie mtaenda misani, mimi padri alishanipaka mafuta, kwa hiyo nilichobaki nacho duniani ni maneno na shamba la Pito na jembe, na ule ugomvi wangu na Nyanda ambao nimeulea vizuri kuliko nilivyomlea Urbano. Sikilizeni niwagawie kabla mate hayajakauka.

Mjukuu wangu Stefania yuko wapi? Yuko jikoni na mama yake wanachambua mchele. Vizuri, asisikie, maana nataka kuanza na mambo yake.

Chini ya kitanda changu mmemfichia midoli. Mmeona mahali ambapo mtoto hachungulii ni chini ya babu yake, kama vile mimi nimeshakuwa kabati. Kuna lile gari la polisi la Urbano, ametoka nalo Mbeya. Nikikohoa, linapiga king'ora. Juzi nimekohoa, nikainua mikono juu peke yangu gizani, nikasema mkuu, sijafanya kitu! Kuna mwanasesere wa Silvana anayelia kwa betri. Mwanangu, wewe unapanda na kushuka mpaka Wampembe ziwani kuchukua samaki, migebuka, barabara ile inayong'oa meno ya gari, halafu faida yote unanunua mtoto wa kulia? Umekosa kilio hapa nyumbani? Na Maximilian, baba mtu, umeleta baiskeli ya plastiki azungukie sebuleni. Sebuleni, Maximilian! Wewe ulizaliwa na kichwa kikubwa mpaka mkunga akaagiza jina la pacha, nikadhani kimejaa akili, kumbe ni hewa ya Ufipa.

Msinune. Mkubwa akikutania anakupenda, akinyamaza ndipo ukimbie.

Wanangu, midoli hiyo ni mizuri. Ila mtoto huyu ana midoli mpaka kochi halionekani, na bado kila siku anakuja kusimama pale dirishani, anapitisha vidole kwenye nondo, anahesabu mbuzi wa watu. Maximilian, nyumba yako nzuri, marumaru zinang'aa mpaka inzi anateleza, ukuta mrefu, geti la chuma. Uliponileta hapa baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga wakati wa mavuno, niliwaambia wenzangu mwanangu amejenga ikulu. Sasa naijua hiyo ikulu. Yule binti wa kazi alipoenda kwao Milepa kwa sikukuu, wewe na mkeo Hellena mkiondoka kwenda kazini asubuhi mnatuachia chupa ya uji, mnapiga kufuli, kwaa! Mzee asiyeweza kutembea anamlinda mtoto asiyeweza kutulia. Mtoto ananilinda mimi, mimi namlinda yeye, na geti linatulinda wote wawili. Siku moja akapanda hapa kitandani akaniuliza, "Babu, kwani sisi tunafugwa?"

Mimi Zenon, ambaye neno halijawahi kunipotea hata mbele ya hakimu, nikamsogezea mto akae vizuri.

Basi nikamsimulia. Mtu aliyefungwa mali yake ni hadithi. Nikamwambia habari za Pito, upepo ule unaobeba mbuzi ukamshusha kwa jirani akiwa ameshanyolewa, baridi ile ya mwezi wa saba, unasema shikamoo leo, marahaba inafika keshokutwa ikiwa barafu. Nikamwambia shule nilikaa darasa la tatu muda mrefu mpaka dawati likaota matawi, mwalimu akaniambia nenda kalime, huku unaharibu mbao. Nikamfundisha ntumba. Nikamwambia mvua ikishakolea, Januari hiyo, nyasi zikafika kiunoni, unazikusanya zikiwa mbichi, unageuza udongo na majani yake yatazame chini, unafunika, unapandisha tuta la duara kama chungu kilichofudikizwa. Juu unachomeka maharage. Majani yanaoza humo ndani polepole, yanakuwa chakula, na mwaka unaofuata unalisambaza tuta lako unapanda ulezi au mahindi. Hiyo ndiyo mbolea ya Mfipa, haiuzwi dukani. Nikamwambia mimi nililima ntumba ndefu hata ndege za Mbeya zikawa zinakata kona. Akaniamini. Nyie mlipokuwa wadogo mlikuwa mkiniamini hivyohivyo, sijui mlikosea wapi.

Sasa huyu mtoto akatazama blanketi, akaona miguu yangu imetuna huko chini, akasema, "Babu, hii hapa ntumba." Akachukua sweta langu kuukuu akanizungushia miguu. Akaenda jikoni akarudi na maharage kwenye kiganja, akayachomeka katikati ya mikunjo, moja moja, ulimi nje kama fundi cherehani. Halafu akaleta kikombe cha maji akanimwagilia. Baridi ile ilipanda mpaka kwenye ndevu! Lakini ningemwambiaje aache? Mnajua mtu akilima kwa moyo hasemeshwi.

Jioni Hellena akakuta shuka imelowa. Maskini mkamwana wangu, ana heshima yule, akabadilisha shuka, kesho yake akaja na pampasi za wazee kwenye mfuko mweusi. Mimi! Mimi niliyezima moto wa msitu nikiwa kijana kwa mkojo wa pombe ya ulezi peke yake, nikavishwa pampasi kwa kosa la mkulima mwingine! Nikazikubali. Ningesema, mtoto angechapwa na maharage yangetupwa. Shuka nikamwachia abadilishe, sweta nikalikatalia, nikasema linanipasha joto. Na kila mnapofunga geti, mwenzangu anakuja na kikombe. Nimelala chali bila kugeuka, mgongo unawaka kama tanuri la wahunzi wa zamani, kwa sababu nikigeuka namvunjia shamba.

Silvana, njoo miguuni. Funua blanketi. Taratibu, mama, usivute. Fungua hilo sweta.

Mmeona?

Waonyeshe kaka zako. Mnyanyulie Nyanda aone na yeye. Yameota. Vichwa vimeinama vile, vyeupe kwa kukosa jua, lakini yameota, kwenye nyayo za mzee anayekwisha. Urbano, unalia nini, hebu jifute, hilo gari lako litapiga king'ora.

Sasa ndiyo nakuja kwenye lenyewe. Maximilian, mtu akilala kitandani watu wanaongea mbele yake kama wanaongea mbele ya gunia. Ulisimama hapo dirishani na simu ukamwambia mtu aje Pito sikukuu ikipita, atembezwe, shamba likatwe viwanja. Nimesikia. Mdogo wako Silvana amesikia leo, tazama anavyokutazama. Sikulaani. Naijua haja yako, mji unapanda kuja kwetu kama maji, na kila mtu anasema uza kabla hawajakupita. Lakini fikiria, baba. Ukiuza Pito kabla ya Januari, mtoto huyu atalima wapi? Kwenye miguu ya nani? Mimi sitakuwepo. Atabaki na ukuta, na nondo, na huyo mtoto wa betri.

Kwa hiyo zawadi za Krismasi nazipanga mimi, mkubwa wa nyumba. Urbano, hilo gari kalibadilishe leo hii sokoni kabla hawajafunga, wakikataa waachie bure, uje na mabuti ya mvua yanayomtosha, yasimpwaye, maana mtoto wa Ufipa asiye na mabuti Desemba ni mfungwa hata kama geti liko wazi. Jembe langu liko nyuma ya mlango wa jiko kule Pito. Nimelilimia mpaka limelika, limebaki dogo kama mwiko, nyie mlikuwa mkilicheka. Limekuwa saizi yake. Likatieni mpini mfupi wa mti mgumu. Silvana, mdoli mpe mtoto wa jirani, wewe umpe safari moja, umpeleke Wampembe akaone ziwa na namna samaki anavyotoka majini, asikue akidhani mgebuka unaota kwenye beseni lako. Na Hellena, mwambieni ule mchele anaochambua na Stefania pale jikoni ni zawadi tosha, amwachie achambue hata akiacha mawe. Tutayatafuna. Mimi sitakuwepo, mtatafuna nyie.

Nipeni maji. Kidogo.

Nyanda. Ng'ombe wako waliingia kwenye maharage yangu mwaka ule, wengi mpaka mawingu yakapisha. Ulipokuja kutoka Shinyanga na mifugo yako nilikukaribisha mwenyewe, nikakuonyesha maji, halafu wakanilia shamba, nikaapa sitaonja maziwa ya kwako. Nimetimiza kiapo. Ila nisikilize, hakuna mtu anayeijua mipaka ya shamba langu kama wewe uliyeipita. Mti wa mpaka unaujua. Mfereji unaujua. Basi uwe mlinzi wake, ukiona mtu na futi ya kupimia umpigie mluzi kama unavyompigia dume. Na kesho umletee Stefania maziwa ya mgando, na mimi mniguse kidogo hapa mdomoni. Ugomvi huo nazikwa nao, msiuchimbue.

Sasa Maximilian, nimekusikia unavyopumua, unajiuliza nitakuzuiaje nikishakufa. Mwanangu, kichwa kikubwa, baba yako ameishia darasa la tatu lakini hajawahi kushindwa. Msinizike makaburi ya mjini. Nizikeni Pito, katikati ya shamba. Si pembeni kwenye migomba, katikati kabisa. Halafu mwite mnunuzi wako umtembeze. Mwambie hapa sebule, hapa choo, na hapa kwenye kona ya jiko amelala Zenon, anaongea sana usiku. Tuone kama atanunua!

Haa. Cheka, Maximilian. Cheka tu, nimeona jino.

Ngoja... ngoja nipate pumzi.

Na simenti msiniwekee. Wala marumaru. Wala kile kiuzio cha chuma. Nimechoka kufungiwa, wanangu, nimechoka sana. Udongo tu. Chukueni nyasi mbichi mzigeuze chini, mfunike, mpandishe tuta la duara kama nilivyowafundisha. Na hayo maharage ya kwenye sweta msiyatupe, yawekeni kwenye kopo lenye udongo, pale dirishani yapate jua, yakizaa mpate mbegu ya msimu ujao. Januari mkono wa Stefania uchomeke maharage mengine juu yangu. Mtu asiseme kaburi halilimwi. Mimi nasema linalimwa. Nitaoza polepole humo ndani kama nyasi, nitakuwa na faida kuliko nilivyokuwa hai, na mwaka unaofuata mnisambaze mpande ulezi.

Hiyo ndiyo zawadi yangu kwake. Mwaka huu sina nyingine.

Nipeni mikono. Wote. Na wewe Nyanda, mkono mzito huo, leta. Mungu awape mvua isiyobomoa na jua lisilounguza. Mkae meza moja. Mkigombana, mgombane mchana, jua likizama mmeshamaliza. Watoto wenu wawaamini, na nyie... na nyie msiwape sababu ya kuacha.

Nini hiki unaniwekea, Maximilian? Baridi hivi. Ufunguo? Mimi niufanyie nini, baba. Nenda. Nenda ukafungue mwenyewe.

Nasikia... ndiyo, hilo geti, limekosa mafuta. Liacheni lilie.

Stefania. Mwiteni. Mwambieni babu kasema... kuna tope nje, asikimbie.

Hapana.

Mwacheni akimbie.