Fomu Iliyokaa Kwenye Sanduku la Patasi

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzetu, na ninyi mliosimama hadi barabarani kwa kukosa viti, mimi ndiye kaka wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, fundi seremala mliyemzoea kwa jina la Msumari, na niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki, nimemwonea wivu mtu huyu kwa miaka hamsini na moja, na hata sasa nikiutazama umati huu najua wangu hautafika nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, ng'ambo ya mpaka, mtoto wa pekee wa mama yake, akavuka naye kwa miguu vita vilipofika kijijini kwao, wakaingia mtaani hapa tarehe 14 Agosti 1972, wakapanga chumba cha uani nyumbani kwetu, na tarehe 2 Novemba mwaka huohuo mama yule akafariki kwa homa, ndipo baba yetu akamshika mtoto mkono, akamleta chumbani kwangu, akaniambia nisogee. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kitanda kilikuwa changu peke yangu, nikasogea kwa kununa. Jina la Msumari alipewa na baba wiki ileile, kwa wembamba wake.

Kuhusu elimu, aliingia shule ya msingi ya mtaani Januari 1973, lugha yetu akiijua kwa salamu tu, akamaliza Novemba 1978 akiwa wa kwanza shule nzima katika somo la uraia, anataja mikoa yote na kila rangi ya bendera na maana yake, na mimi niliyekulia chini ya bendera hiyohiyo nilikuwa nimepata alama kumi na tisa kwa mia. Mama alikitundika cheti chake sebuleni, changu akakifungia kabatini, eti kisichafuke. Jamani, cheti cha alama kumi na tisa kichafuke na nini tena?

Kuhusu kazi, alijiunga na karakana ya baba Januari 1979, tukatengeneza wote madawati, vitanda na milango, na tarehe 2 Juni 1984, macho ya baba yalipofifia, yeye akapewa randa aliyoiacha babu, mimi nikapewa sanduku la patasi. Sikusema naye wiki mbili. Ubao aliopiga randa yeye ulikuwa ukiupitishia kiganja husikii kitu, wangu ulikuwa na matuta, na kwa sababu nililijua hilo ndiyo maana nilinuna.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, huyu mjane aliyekaa mbele yenu, na wazee wa binti walipouliza ukoo wa kijana, mama yetu alisimama akasema huyu nimemzaa mimi, mwenye swali lingine aulize. Mimi niliyetoka kweli tumboni mwake nilikuwa nje napanga viti. Walijaliwa watoto watatu, na kitinda mimba wakampa jina langu, jambo ambalo hata wanangu hawajanifanyia kwa wajukuu.

Sasa nifike ninapopaogopa. Mwaka 2003 tulipoandikishwa vitambulisho vya raia, cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa kimeliwa na mchwa, karani alikuwa mgeni, akataka mtu wa kunitambua, na watu wote wakamnyooshea kidole Msumari, kwa kuwa hakuna nyumba ambayo hakuwahi kuiwekea mlango. Akasema huyu ni kaka yangu, kazaliwa nyumba ile pale, karani akagonga muhuri. Mwenyeji nikawa nimedhaminiwa na mtu asiye na kitambulisho, foleni nzima ikacheka, na yeye akacheka nao, bila ubaya. Kicheko kile nilikiweka moyoni.

Ndipo tarehe 3 Oktoba 2011 akaniletea fomu yake ya kuomba uraia, yenye ukurasa wa kujazwa na mwenyeji anayemfahamu, nikamwambia nitaijaza nikipata miwani, miwani ikiwa mfukoni. Nikaiweka chini ya patasi. Aliniuliza mara tatu, mwalimu jirani yetu akajitolea kumjazia, Msumari akakataa, akasema kaka yangu yupo, atajaza. Kwa miaka kumi na miwili akaendelea kupanga foleni ya kibali cha ukaazi kila baada ya miaka miwili, mkewe raia, wanawe raia, yeye na karatasi yake mkononi, na safari mbili za mwisho alipanga akiwa anakohoa.

Aliugua kifua kuanzia Aprili 2019, madaktari wakasema ni vumbi la mbao, akalazwa mara nne hospitali ya wilaya, na akafariki huko Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tatu asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa na wanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuletea maji na viti, na mafundi wenzetu waliolitengeneza jeneza kwa randa yake mwenyewe, wakanizuia nisiguse, na walifanya vizuri.

Historia hii aliiandika yeye, kwenye daftari, tarehe zote zimepangwa, ya kifo tu na malalamiko ndiyo yangu. Mwishoni ameandika neno uraia, akaacha mstari mtupu, na pembeni yake: kaka atajaza. Jana asubuhi niliifungua fomu, nikaijaza, nikaipeleka ofisi ya kata, karani akaniambia kwa upole kwamba marehemu haombewi uraia. Basi naisoma kwenu, ninyi ndio mtakaoipokea.

Mimi, seremala, mzaliwa wa mtaa huu, nathibitisha kwamba namfahamu mwombaji tangu tarehe 14 Agosti 1972, kwamba amekula nasi, amesoma nasi, na amezika nasi baba na mama, na kwamba simjui mtu anayestahili kuitwa mwenyeji wa hapa kumzidi, nikiwemo mimi niliyeichelewesha fomu hii kwa wivu. Uhusiano na mwombaji: mdogo wangu.

Pumzika kwa amani, Msumari, uko kwenu.