Miguu ya Benchi

Pale njia inapogawanyika, mkono mmoja kwenda kinuni na mwingine kwenda mashambani, mama yangu anauza kahawa, na mbele ya jiko lake la mkaa kuna benchi ambalo halijawahi kuyumba. Mbao zake zimelainishwa na makalio ya watu walewale, na miguu yake ni ya chuma kinene kilichopakwa rangi ya kijani. Fundi Spana, mchomeleaji, aliliunda nilipokuwa chuoni, na mpaka leo huwezi kuliketia bila kukumbushwa kwamba hata tembo akilikalia halitanung'unika. Alasiri hiyo mama alikuwa ametangaza kwamba kesho linachimbwa shimo la choo kipya nyuma ya jiko, maana cha zamani kimeinama kiasi kwamba kila anayeingia anaaga kwanza. Mchimbaji angepita baadaye kuangalia uwanja.

Balaa alilianzisha Redio, kinyozi, ambaye husikiliza taarifa zote kisha anazichanganya. Alisema mahali fulani mtu alikuwa anachimba shimo la choo kama hili la mama, sururu ikagonga bomba la gesi, na nyumba za jirani hazikuonekana tena. Nilishusha birika. Bomba la gesi linapita kwetu pia. Lilipozikwa walikuja wakubwa, tukahutubiwa, tukagawiwa kofia, na tangu siku hiyo hatujaliona wala kulisikia.

— La kwetu haliwezi kugongwa, alisema Bwana Kanuni. Kuna sheria.

Bwana Kanuni alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na huongea kana kwamba hakimu bado yuko chumba cha pili. Alitueleza kwamba sheria inakataza kuchimba karibu na bomba, inakataza kujenga juu yake, inakataza hata kupanda mti wenye mizizi mirefu. Kwa hiyo, alihitimisha, hakuna anayechimba.

— Sasa sururu inaijua hiyo sheria? aliuliza Redio.

— Mwenye sururu anaijua.

Redio hakuridhika, lakini alisema hata sheria ikilala, pua haidanganyi: gesi ikivuja inanuka kama yai viza, na mtu ana muda wa kukimbia. Nilisema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia, kwamba gesi yenyewe haina harufu. Harufu hutiwa na watu, na katika mabomba makubwa ya safari ndefu mara nyingi inakuwa bado haijatiwa.

Spana alicheka.

— Kwa hiyo ya kwetu inapita bila manukato. Hata gesi inajua huku ni shamba.

Walicheka wote, mama pia, nami nikawamiminia kahawa ili mikono yangu ipate kazi. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa na lake. Redio alisema kuna mtambo huko juu angani unaomwona kila aliyeshika jembe. Kanuni alisema bomba la kisasa lina akili, likiguswa tu linajifunga lenyewe kama konokono. Spana alisema mchana huwa halina kitu, gesi hupitishwa pale tu wakubwa wanapotaka kupika.

— Na wakitaka chai saa hizi? niliuliza.

— Profesa, usimtie mama yako hofu, alinijibu. Wananiita Profesa kwa shahada moja tu. — Mama wa watu anataka choo.

Ndipo mchimbaji akafika, sururu begani, jembe mkononi. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya bonde, ila mama hakuna aliyemfahamu. Alimsalimu kila mmoja, akapokea kikombe, akanywa amesimama. Alikwenda nyuma ya jiko, akaigongagonga ardhi kwa kisigino, akarudi.

— Mama, bomba linapita upande gani?

Mikono mitatu ilinyooka pande tatu. Wa Kanuni ulielekea kinuni, wa Redio ulielekea nyuma ya kibanda chake cha kunyolea, na wa Spana ulielekea jikoni kwa mama, kisha ukasogea kidogo kando.

— Huko kwetu kuna nguzo za njano, alisema mchimbaji. Ukisimama kwenye moja unaiona ya pili. Hapa nimetembea sijaona hata moja.

— Zilikuwepo, alisema Kanuni. Sheria inataka ziwepo.

— Ziko wapi sasa?

Redio aliangalia ndani ya kikombe chake. Spana alijikuna shingo.

— Vile vilikuwa vigingi vya mafundi, alisema. Kazi imeisha, wameondoka. Nyumba ikiisha kujengwa, vigingi si vinang'olewa? Vilikuwa vinasumbua trekta. Nikaona chuma kizuri kisipotee bure.

Hakusema alivipeleka wapi, ila mkono wake ulikuwa umeshuka katikati ya magoti mpaka kwenye mguu wa benchi. Nilipiga magoti mbele yake nikakwangua kwa mpini wa kijiko. Kijani kilibanduka. Chini yake kulikuwa na njano, na juu ya hiyo njano herufi nyeusi: USICHIMBE. Zikafuata tarakimu za namba ya simu, chache, kisha alama ya msumeno.

Kanuni alikuwa wa kwanza kuinuka.

— Fundi, huu ulikuwa wapi? nilimuuliza Spana.

Aliinama akautazama, akautazama wa pili, akazunguka nyuma akautazama wa tatu.

— Huu nadhani wa shambani kwa shangazi yako. Au huo ndio wa karibu na kinu. Nilivikata vyote vilingane. Lisiyumbe.

Mchimbaji alimrudishia mama kikombe kwa mikono miwili. Alisema atakuja siku atakayoonyeshwa pa kuchimba.

— Nitakwenda mjini kwenye ofisi yao, Spana alisema. Nitawaambia ni mimi.

Mama aliangalia choo chake kilivyoinama, kisha akaangalia ardhi chini ya jiko, pale makaa yalipokuwa mekundu. Alichukua jagi la maji akayamwagia taratibu mpaka yakaacha kulia.

— Kahawa imeisha, alisema, na birika lilikuwa bado limejaa.