Gari Lililokuwa Likiwasubiri Manesi

Mheshimiwa mgeni rasmi kutoka wizarani, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, matroni na wauguzi wakuu mliotoka wodini kuja kutushika mkono, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu, na ninyi watoto wetu mnaohitimu leo: nawasalimu nyote kwa heshima zenu, na niliyemruka anisamehe, maana nikitazama huko mbele naona watu wote wamefanana.

Wazazi wamenichagua nizungumze kwa niaba yao. Humu wamo walimu, yumo baba mmoja mwanasheria, na mimi ni mshona nguo niliyeishia darasa la nne. Nilipouliza kwa nini mimi, mama mmoja akanijibu, "Wewe ndiye uliyelia kuliko wote siku ya kuwaleta chuoni." Basi, nimepata cheo kwa machozi.

Nirudi nyuma kidogo. Dada yangu, yule aliyejitanda kitambaa cha kijani pale, ni nesi mstaafu. Alipohitimu, mimi nilikuwa msichana wa kubebeshwa mizigo. Sherehe yao ilifanyika uwanjani, juu ya viti vya kuazima, na hata nyimbo hazijaisha, gari la hospitali lilikuwa limeshasimama langoni, dereva akipiga honi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Akashuka matroni mmoja mnene, saa imebanwa kifuani, akapita katikati ya wahitimu akiwashika mikono na kuwatazama kucha, huku akinyoosha kidole: "Wewe, wodi ya wazazi. Wewe, watoto. Wewe mrefu, upasuaji." Dada akaangukia wodi ya wazazi. Hatukuagana vizuri. Nilimkimbilia na sanduku lake la bati, nikalisukumia ndani ya gari, na marehemu mama akabaki na sahani mkononi, anauliza vumbi, "Hata kula?"

Ndugu zangu, mnaziona enzi hizo? Hospitali zilikuwa zinagombea manesi kama watu wanavyogombea viti vya mbele harusini.

Ndiyo maana binti yangu aliposema anataka uuguzi, nilishona siku hiyo huku naimba. Nikajua huyu ameshavuka. Akija likizo, mgonjwa wake ni mimi. Alinifunga bendeji kichwani nikiwa kwenye cherehani, wateja wakiingia wananipa pole, "Umeanguka wapi, mama?" Alinipima presha asubuhi na jioni, akinikunjia uso kama daktari mzee. "Mama, iko juu." Namwambia, "Iko juu kwa sababu yako, ondoa hilo dude mkononi mwangu." Tulikuwa na furaha, jamani. Nyumba ilinuka dawa na chaki ya kukatia nguo.

Sasa sikieni tulichofanya leo asubuhi, mimi na dada yangu, watu wazima wawili wenye akili zetu. Tuliamka tukamfungia binti sanduku. Shuka, taulo, viatu vya wodini, sabuni, kila kitu. Akatoka chumbani, akatukuta tumelikalia ili lifunge.

"Mama, tunaenda kupewa vyeti. Hatuhami."

"Na gari likija, utapanda na nini?"

"Gari gani?"

"La hospitali," dada akadakia. "Utawaambia wakusubiri urudi kufunga mizigo?"

Binti alicheka mpaka akaegemea mlango. Halafu kicheko kikamwisha. Akatuambia, "Mama mkubwa, ninyi mlikuwa mnasubiriwa. Wenzetu wa mwaka jana bado wako majumbani, na wa mwaka juzi baadhi yao wanauza vocha." Akatuinua juu ya sanduku, akaanza kuzitoa zile nguo, moja moja, anazirudisha kabatini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sikuja kukulaumu, na najua mfuko wa serikali hauko kwenye pochi yako. Lakini jirani yangu alijifungua mwezi uliopita, nikaenda kumwangalia, nikamwona nesi mmoja anakimbia kati ya vitanda mpaka kandambili imemkatikia. Wagonjwa wapo. Manesi ndio hawa, wamevaa wamependeza. Sasa hapo katikati pamekwama nini? Mimi sina elimu ya kulijibu, nalikabidhi kwako.

Langu ni dogo. Iko zahanati moja mbali na kwetu, imemwomba binti yangu akajitolee. Watampa chumba na nauli, ila mshahara hakuna mpaka nafasi za ajira zitangazwe, na jibu wanalitaka leo. Tangu waombe nimekuwa nikimkatalia. Nilimwambia mama mkubwa wako alilipwa tangu mwezi wa kwanza, wewe utafanyaje kazi ya bure? Kaa hapa, subiri nafasi yako. Kusema kweli nilitaka pia niwe namwona.

Baada ya zile nguo kurudi kabatini, dada alinivuta uani. "Usimkalishe huyu mtoto," akaniambia. "Mimi nilikaa nyumbani mwaka mmoja tu nilipojifungua. Niliporudi, nilitafuta mshipa wa mgonjwa mpaka mimi ndiye niliyetoka jasho. Mikono inasahau, mdogo wangu. Vyeti havisahau, ila havichomi sindano."

Kwa hiyo, mheshimiwa, ombi la wazazi wote ni hili: siku nafasi zikitoka, mtoto aliyefanya kazi bila mshahara, miezi yake ihesabiwe kuwa kazi. Asipangwe mstari mmoja na aliyekuwa amelala, wala asiambiwe hana uzoefu na mtu ambaye hakumpa pa kuupatia. Wakufunzi, mmetulelea, mlikuwa wakali, na ukali wenu tunaushukuru. Wahitimu, msione aibu kuanzia padogo. Aibu tumewabebea sisi wazazi kwa muda mrefu, na sasa tunaitua.

Na wewe mwanangu, uliyeinamisha kichwa hapo safu ya pili kwa kuogopa mama atasema nini: tukitoka humu, mpigie simu yule muuguzi wa zahanati aliyekuomba, mwambie unakwenda. Nimekubali mbele ya watu wote hawa, hata nikitaka kugeuka kesho nitaanzia wapi? Mimi nitapiga simu kila siku, hilo huwezi kulizuia. Lakini nikipiga usipopokea, sitagomba. Nitajua una mgonjwa mkononi.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Naomba sasa mtu anishike mkono nishuke.