Leso ya Sista Kavindu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Sista Kavindu Muindi atafunga mlango wa chumba cha presha cha Zahanati ya Ngilani na kukabidhi ufunguo. Atakuwa amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka thelathini na mmoja, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameifanya hapa kwetu. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha, kwa sababu mgeni rasmi ana haraka. Nimejaribu. Mahali palipochangamka ni sifa ya Sista mwenyewe, na mahali palipopoa mnilaumu mimi.

Sista alizaliwa na kuolewa Kitui, upande wa Mutomo, lakini kazi ilimleta Makueni akiwa na mtoto mgongoni, na Makueni ikakataa kumwachilia. Alianzia Malili, kisha akapelekwa Sultan Hamud, ambako alizalisha kina mama wengi hivi kwamba hata leo akishuka pale kununua nyanya, hamalizi soko bila mtu mzima na ndevu zake kumwambia kwamba yeye ndiye aliyempokea duniani. Baadaye akaletwa Ngilani, huku vilimani. Wenzake walimpa pole. Maji yalikuwa yakiletwa na punda, na muuguzi aliyemtangulia alikuwa ameondoka bila kuaga.

Wakati huo watu wetu walikuja zahanati wakiwa wamebebwa. Sista hakupenda hilo. Alianza na mambo madogo: maji yachemshwe hata kama yanaonekana safi, neti ifungwe kitandani badala ya kuzungushiwa mboga, chumvi isiongezwe mezani. Halafu akaingia kwenye presha, na huko hakutoka tena. Alituambia kila asubuhi kwamba presha haiumi popote, ndiyo maana inamaliza watu wanaojiona wazima. Alitaka kila mtu mwenye presha ajipime nyumbani kwake, akiwa ametulia, asingoje kuzimia njiani.

Kina mama wa kanisa walichanga wakanunua mashine za kujipimia, na wazee wanaoishi peke yao wakapewa kila mmoja yake. Sista alisherehekea mapema mno. Alipozunguka kuangalia, alikuta mashine zimefungwa vizuri kwa vitambaa vya kufuma na kuwekwa kwenye kabati la vioo, karibu na vikombe vya arusi, zikingoja mgeni. Nyumba moja ilikuwa haijaitoa isipokuwa siku pasta alipokuja kula kuku. Walimpima pasta kwa heshima zote, ikapatikana presha ya juu, na Jumapili iliyofuata tulihubiriwa habari za chumvi mpaka saa nane mchana.

Sista alizitoa mashine kabatini, nyumba kwa nyumba, akafundisha upya. Mtu aketi kwanza, aegemee, nyayo ziguse chini, mkono ulale mezani. Asipime akiwa ametoka tu mtoni na mtungi. Asipime baada ya chai ya rangi. Mama Muthoki alikuwa na tabia ya kuomba kwa sauti mashine ikiwa inabana mkono, na namba zikawa zinapanda kila siku. Sista alimwomba amalize maombi yake kwanza, akae kimya kidogo, ndipo awashe. Namba zilishuka, na Mama Muthoki akatoa ushuhuda kanisani ambao haukumtaja Sista hata mara moja. Sista alicheka wiki nzima.

Kazi hiyo ilifaulu, na kufaulu kwake kulikuwa na upande wa pili ambao hatukuutarajia. Benchi letu la Alhamisi, siku ya kliniki ya presha, ambalo lilikuwa likijaa wazee kuanzia asubuhi, likaanza kuwa tupu. Watu walijipima kwao na kuja kuchukua dawa tu mara moja kwa mwezi. Maofisa wa afya kutoka mji wa Wote, makao makuu ya kaunti, walikuja wakatupongeza. Mimi niko maabara, dirisha langu linatazama benchi hilo, na nilimwona Sista akiketi pale peke yake saa ambazo zamani alikuwa hapati hata nafasi ya kunywa maji.

Kisha Mama Ndunge akafa. Alikuwa akiishi peke yake nyuma ya shule, watoto wake wako Mombasa. Alikutwa amekaa kwenye kiti, nyayo zikigusa chini, mkono umelala mezani kama alivyofundishwa, na mashine pembeni. Ilikuwa imepita siku kadhaa kabla ya mtu kujua. Sista alirudi kutoka mazishini akaniambia kwamba alimfundisha yule mama kila kitu isipokuwa namna ya kuita mtu.

Hapo ndipo leso, yaani khanga ya kujifunga, ilipoanza. Wale waliohamia juzi na kuona leso zimeanikwa kila asubuhi kwenye ua wa kila mzee, wakadhani ni siku ya kufua, wasome hapa. Nyumba zetu zinatazamana ng'ambo hadi ng'ambo, bonde katikati, na simu huku hushika ikipenda. Sista akasema hivi: ukiamka ukajipima, namba zikiwa nzuri na dawa umemeza, anika leso upande ambao jirani anaiona. Namba zikikataa, usianike. Ukishindwa kuamka, hutaanika. Mbuzi wakifunguliwa na ua wa mwenzako bado mtupu, acha unachofanya uende.

Wazee wengine wakafuata, isipokuwa Mzee Kimeu. Ua wake ulibaki mtupu asubuhi baada ya asubuhi. Jirani yake wa ng'ambo, Mwau, aliacha ndengu zake shambani, akashuka bonde mbio, akapanda, akafika akihema, na kumkuta mzee amevaa koti, mzima kabisa, ana sufuria ya chai na vikombe viwili mezani. Mara ya kwanza Mwau alicheka. Baadaye hakucheka. Alikuja zahanati akasimama mlangoni na kofia mkononi.

“Sista, huyu mzee atanimaliza,” alisema. “Presha yake iko sawa. Yangu ndiyo sasa iko juu.”

Tulimpima. Kweli ilikuwa juu, lakini alikuwa ametoka kupanda mlima.

Nilifuatana na Sista kwenda kwa Mzee Kimeu, na nakiri nilitaka kusikia akigombezwa. Jambo lenyewe halikuwa mchezo. Mwau alikuwa amekwisha kusema kwamba safari ijayo haendi, na kama safari hiyo ndiyo ingekuwa ya kweli, tungemzika mzee kama tulivyomzika Mama Ndunge. Sista aliketi. Alipewa chai akanywa. Alipomwuliza kwa nini haaniki leso, mzee alijibu bila aibu yoyote.

“Mwaitu, nikianika hakuna mtu anakuja,” alisema. “Sasa nianike ya nini?”

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na Mzee Kimeu angeweza kumzaa Sista. Sista alinywa kikombe cha pili, akaosha vikombe vyote viwili, na tukashuka hadi barabarani. Ninavyomjua, alikuwa akiona aibu. Alikuwa ameondoa watu kwenye benchi akidhani wanakuja kwa ajili ya presha tu.

Wiki ile ile alitangaza kanuni ya Alhamisi. Siku sita leso iseme kweli, hakuna ruhusa ya kudanganya. Alhamisi hakuna mtu kuanika, hata kama namba zake ni za kijana. Ua wa kila mzee unabaki mtupu, na kila mtu lazima amwendee jirani yake au aendewe, wapimane, wanywe chai, wasemezane. Ukipita vilima hivi Alhamisi asubuhi utaona watu wazima wakipishana njiani na mashine zimefungwa kwenye vyondo, vikapu vyetu vya kusuka. Maofisa wa Wote walipouliza kanuni hiyo imetoka kwenye mwongozo gani, Sista aliwapa muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, wale kwanza, na wakasahau kuuliza tena.

Mzee Kimeu akaanza kuanika. Aliacha kudanganya, maana sasa alikuwa na siku yake. Mwaka jana, Jumanne moja, ua wake ulikuwa mtupu. Mwau hakulalamika wala hakungoja mbuzi. Alimkuta mzee sakafuni, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haumtii. Walimfikisha hospitali mapema. Leo anatembea kwa fimbo, anaongea polepole, na ameniambia nisimsahau kwenye maandishi haya. Ijumaa atakuwa kwenye kiti cha mbele, na Mwau ndiye atakayemleta.

Sista mwenyewe anaishi kwenye nyumba ya wafanyakazi nyuma ya zahanati. Mumewe, Muindi, alifariki miaka minane iliyopita, kabla ya kuezeka nyumba waliyokuwa wakiijenga Kitui ya kustaafia. Binti yao Mwongeli yuko nje ya nchi, anapiga simu Jumapili. Sista pia humeza dawa za presha, ingawa hapendi lisemwe. Kila asubuhi nikifungua dirisha la maabara naona leso yake ya zambarau kwenye kamba, ndipo nawasha mashine zangu. Hatukuwahi kulizungumza. Yeye alianika, mimi niliona, na kazi ikaanza.

Mwezi wa Agosti nilimsindikiza kwenda kusafisha hiyo nyumba ya Kitui. Ina paa sasa. Tulifungua madirisha, tukafagia vumbi na popo, na jioni akafunga kamba nje kati ya nguzo mbili. Alisimama akatazama ng'ambo. Kuna vichaka, mto wa mchanga usio na maji, na vichaka vingine. Nyumba hakuna. Alicheka akasema ataanikia mbuzi. Halafu alikaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Mtu aliyepanga vilima vizima vitazamane anarudi mahali ambapo hakuna anayemtazama. Nimeliwaza hilo tangu Agosti, na limenikosesha raha.

Jumatatu baada ya sherehe nitafungua dirisha na kamba itakuwa tupu. Najua nitashtuka. Nitakuwa mpweke, Sista, na afadhali niliseme hapa mbele ya mgeni rasmi kuliko nijifanye.

Kwa hiyo wafanyakazi wa Ngilani, pamoja na wazee wote wa Alhamisi, wanakushukuru kwa njia moja tu, ile uliyotufundisha. Zawadi yako Ijumaa ni leso mpya na simu yenye kamera nzuri. Ukishajipima na kumeza dawa, anika, piga picha, utume. Kule mtandao unashika, nilihakikisha mwenyewe ulipokuwa umekaa kwenye ngazi. Picha isipofika mbuzi wakishafunguliwa, shangazi yangu Tima, aliye Kitui mjini, atapanda bodaboda. Ni mbali na atalalamika njia nzima, lakini atafika, na mimi nitakuwa nyuma yake.

Siku sita leso iseme kweli, Sista. Ya saba ni yako. Asubuhi ukiwa mzima, namba nzuri, dawa umemeza, na nyumba imekuzidi ukubwa, acha leso kitandani. Teleka chai, weka vikombe viwili. Tutakuja, na hatutakuuliza kwa nini hukuanika.

Nasima Adan
Maabara, Zahanati ya Ngilani