Unene wa Bibi Harusi Umekwenda Wapi?

Kijiwe chetu cha Nyakatuntu ni ubao mmoja tu mbele ya duka la Melkiory, na hapo kahawa hatuinywi, tunaitafuna: punje zilizochemshwa na maganda yake, zikakaushwa, kikapu kinapita mkono kwa mkono. Wanywaji wa kahawa wanatucheka, na wacheke. Mwaka ule wa 1953 kiangazi kilikausha ng'ombe mpaka chuchu zikawa pambo. Kwa wenzetu wafugaji hilo lilikuwa balaa, maana bibi harusi wao hukaa ndani akinyweshwa maziwa mpaka anenepe, ndipo aolewe. Kakuru, tuliyemwita Dume, alikuwa na binti wa kuozwa, Kyomugisha, na maziwa hana. Akaamua kumnenepesha kwa sukari na mkate mweupe wa dukani. Siku ya kisa hiki shangazi wa bwana harusi alikuwa anakuja kumtazama binti, na Dume, badala ya kumngoja nyumbani, alikimbilia kijiweni jasho likimtoka.

Dume: Jamani, nimekwisha! Mtoto ni mwembamba vilevile. Shangazi akimwona hivi watadai ng'ombe wao wa mahari, na mwanangu atalia mpaka augue. Anampenda yule kijana.

Mizani (ndiye Melkiory mwenye duka, mtu wa Muleba): Usiisingizie sukari yangu. Inanenepesha vizuri kabisa. Jitazame wewe!

Tukamtazama. Mkanda ulikuwa umeshindwa kazi, kiunoni amejifunga kamba ya ndama.

Dume: Mimi naonja tu. Ukoo wetu, chakula cha bibi harusi baba anatangulia kuonja, mtoto asije akarogwa.

Mizani: Unaonja kiasi gani?

Dume: Mpaka niwe na uhakika.

Daktari (huyu ni Pastory, vitani alibeba machela, na udaktari wake wote ndio huo): Binti akila anakuwaje?

Dume: Akishapata chai ya sukari na mkate, anaruka kama ndama! Anafagia uwanja, anafagia mpaka njia ya jirani. Jua halijafika utosini, kalegea, kalala. Akiamka, njaa inauma kuliko mwanzo. Hata mimi hivyohivyo, ila mimi sifagii.

Daktari: Basi, ugonjwa nimeuona. Sukari ni nyasi kavu: inawaka puu, inazimika. Ndizi ya kupika ni gogo, inawaka polepole mpaka jioni. Sasa binti anazichoma nyasi zake kwa ufagio. Zako wewe unazikalia hapa, zinarundikana kiunoni.

Maneno haya yalikuwa na akili ndani yake, kwa hiyo hakuna aliyeyakubali.

Mizani: Wapi! Sukari imetikiswa kwenye lori tangu Bukoba. Imefika hapa imechoka. Ukiila, uchovu wa lori unakuingia wewe.

Daktari: Na tumbo je?

Mizani: Tumbo ni hamira. Mkate haukumaliza kuumuka kwa mwokaji, unaendelea humo ndani. Dume, toka juani!

Dume akasogea kivulini upesi, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Dume: Hapana, mimi nimeshaelewa. Mimi na mwanangu damu ni moja. Anakula yeye, unene unapotea njia, unakuja kwangu.

Daktari: Unapita saa ngapi?

Dume: Tukiwa tumelala.

Mizani: Basi mlaze mbali! Mpeleke ng'ambo ya mto pale Murongo, mpakani!

Daktari: Hapo sawa. Unene ukitaka kumfuata baba, askari wa mpakani watauzuia.

Tulikuwa bado tunabishana kama unene unaweza kuogelea mto, akatokea mama mmoja na fimbo yake, akitokea upande wa kwa Dume. Ndiye Kyarisiima, shangazi mwenyewe. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mkwe, nimetoka kwako. Binti nimemwona.

Dume akameza punje ya kahawa nzimanzima.

— Mama, nisamehe. Ni mwembamba. Nimejitahidi.

— Ni mwembamba, ndiyo. Mwaka huu hata ng'ombe wetu wamekauka. Ningemkuta mnene ningejiuliza ameiba maziwa ya nani. Amenichekea vizuri, amenipokea mzigo, nimempenda. Ng'ombe wabaki kwako, harusi ipo.

Machozi yakamtoka Dume, mbele za watu, wala hakuyafuta. Nasi tulifurahi, tukampisha mama kwenye ubao. Hakukaa. Alimzunguka mkwe wake taratibu, akamtazama mashavu, akamtazama kiuno, akaiinua ile kamba ya ndama kwa ncha ya fimbo.

— Ila kazi ya kunenepesha naona imefanyika kweli, na imefanyika vizuri. Sasa wewe, mkwe wangu, unaolewa na nani?

Tukamgeukia Daktari, mwenye maelezo ya kila ugonjwa, amjibu mama. Daktari akainama, akajifanya anatafuta punje iliyoanguka chini ya ubao.