Sahihi Sita za Bi Ummi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Ummi Silima wa Wambaa, aliyefariki Jumanne kwa saratani ya matiti. Alikuwa mpishi wa harusi. Alikuwa mkali, aliwahi kumfukuza bwana harusi jikoni. Bwana harusi mwenyewe nilikuwa mimi.

Miaka miwili nyuma alitiwa dawa za saratani kwa dripu. Mizunguko sita. Narudia, sita. Uvimbe haukupungua. Mtaa ukaamua: Bi Ummi anachomoa sindano kabla dawa haijaisha.

Maneno hayo yalimuuma kuliko maradhi. Akarudi kwa daktari, akaelezwa kwamba baadhi ya seli za saratani zina protini zinazosukuma dawa nje. Dawa inaingia, protini inaitoa. Si kosa la mgonjwa.

"Nimeshamjua," akasema Bi Ummi. "Huyo Hamdan."

Hamdan ni mtalaka wake. Kila kilichoingia ndani alikigawa kwa marafiki: kabati, redio, hata kitanda. Basi protini ikapata jina. Mzee Hamdan akaja juu: "Ummi, miye mtu mzima, waniita maradhi?"

"Nirudishie kitanda changu, nikubadilishe jina."

Kadi yake ya hospitali aliibandika mlangoni, ina sahihi sita za muuguzi, moja kwa kila mzunguko. Aliyekuja kumtazama hakukaribishwa kitako mpaka azihesabu kwa sauti. Binti yake, Shatha, anasema: "Mama hakuogopa kufa. Aliogopa watu waseme hakutaka kupona."

Daktari akambadilishia dawa. Ya pili ilikaa mwaka mzima, na mwaka huo Bi Ummi akapika harusi tisa. Kisha nayo ikashindwa.

Wiki tatu kabla hajafa, Mzee Hamdan alimpelekea kitanda kipya. "Akajilaza," anasimulia, "akanambia, haya, leo weye si protini tena." Mzee anacheka, halafu anajifuta macho.

Shatha, Mzee Hamdan, na jamaa wote wa Wambaa, pokeeni pole zetu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tujiulize: dawa ikimshinda jirani, kwa nini tunaanza kwa kumlaumu yeye?

Nauliza kwa sababu ule uvumi wa sindano niliuanzisha mimi. Nilipokwenda kumtazama nilihesabu mpaka nne, nikaona aibu, nikaacha. Akaniambia, "Zilizobaki utazimalizia redioni, wakusikie wote."

Tano, Bi Ummi. Sita. Dawa zote alitiwa.